mChip nchini Rwanda: kipimo kilichoshindanishwa na mpinzani asiye wake

Mwaka 2011 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa kikundi cha Samuel Sia wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa kushirikiana na wenzao wa Rwanda na kampuni changa ya Marekani iitwayo Claros Diagnostics. Kifaa chao walikiita mChip. Ni kipande cha plastiki cha ukubwa wa kadi ya benki, chenye vijifereji vyembamba ndani yake, kinachotafuta kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu) za VVU na za kaswende katika maikrolita moja tu ya damu nzima, na jibu hutoka baada ya dakika 20 hivi. Mwaka 2015 kikundi hicho kilirudi na toleo la pili, safari hii likichomekwa kwenye simu janja. Mara zote mbili vyombo vya habari vilishangilia. Lakini nenda leo kwenye kliniki ya wajawazito, Rwanda au kwa jirani zake: kinachopima VVU na kaswende pale mezani ni ukanda wa karatasi.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa kwa mkato, tena kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni hadithi ileile ya watafiti kutoka nje: wanakuja, wanachukua damu, wanachapisha, wanaondoka. Wapo wanaosema teknolojia yenyewe ilikuwa maneno matupu. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Wanyarwanda hawakuwa watoa damu tu katika kazi ile. Miongoni mwa waandishi wa makala ya 2015 yumo Sabin Nsanzimana, ambaye baadaye aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya wa Rwanda. Na teknolojia ilifanya kazi. Kilichoiponza ni kitu kingine: mChip ilipimwa, ikasifiwa na ikapewa bei kwa kulinganishwa na ELISA, kipimo cha maabara kubwa. Ikashinda. Ila aliyekuwa amekalia kiti cha kipimo kule kliniki hakuwa ELISA.

Mama akishaondoka

Tuanze na tatizo lililokuwa mbele yao, maana lilikuwa la kweli. Mama mjamzito mwenye kaswende isiyotibiwa yuko hatarini kuharibikiwa na mimba, kuzaa mtoto mfu, au kuzaa mtoto aliyekwisha kuambukizwa. Tiba yake ni ya zamani na rahisi: sindano ya penisilini ya benzathini. Kwa VVU nako, dawa zikianzwa mapema hupunguza sana uwezekano wa mtoto kuambukizwa. Yaani dawa zipo. Kinachokosekana ni kumjua mama huyu kabla hajatoka mlangoni.

ELISA haiwezi hilo. Damu inatolewa kwenye mshipa, inazungushwa kwenye mashine ili majimaji yatengane na chembe, inapelekwa maabara ya wilaya au ya taifa, inawekwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, inaoshwa na kusubiriwa, inaoshwa tena, kisha mashine yenye taa inasoma rangi. Panahitajika umeme usiokatika, jokofu, fundi sanifu aliyesomea, na sampuli za kutosha kujaza sahani ili gharama isiende bure. Jibu likirudi kituoni, mama ameshafika kwake. Wapo watakaorudi kulifuata, na wapo wasiorudi.

Kwa hiyo kikundi cha Sia kilijiuliza swali la kihandisi: je, hatua zote za ELISA zinaweza kufanyika zenyewe, kwa mpangilio uleule, ndani ya kipande cha plastiki kisicho na pampu wala vali wala umeme mwingi? Jibu walilolipata ni zuri kiasi kwamba inafaa kukaa nalo kidogo.

Ndani ya plastiki

Jambo la kwanza ni umbali. Kingamwili ikiwa ndani ya maji hutembea kwa kusukwasukwa na molekuli za maji, bila mwelekeo maalumu. Kwa safari ya aina hiyo, muda haukui sawasawa na umbali bali kwa mraba wake. Ukikadiria kwa mwendo wa kawaida wa kingamwili majini, kuvuka sehemu ya ishirini ya milimita huchukua nusu dakika hivi. Kuvuka milimita nzima, umbali uliozidi mara 20, huchukua mara 400 zaidi: saa tatu na nusu. Katika kishimo cha sahani ya ELISA majimaji yana kina cha milimita kadhaa, na kingamwili nyingi zinapaswa kushuka hadi chini au kufika ukutani ndipo zinaswe. Ndiyo maana ELISA husubirisha sana. Katika kijifereji chembamba kama unywele, hakuna kingamwili iliyo mbali na ukuta. Huo si ujanja wa kemia. Ni jiometri tu.

Jambo la pili ni kwamba majimaji kwenye mfereji mwembamba namna hiyo hayavurugiki. Yanateleza kwa matabaka, kila tabaka na njia yake, na mito miwili ikikutana inaweza kwenda sambamba bila kuchanganyika haraka. Mhandisi huyapenda sana maji ya aina hii kwa sababu yanatabirika. Lakini yana usumbufu wake: ukitaka kuchanganya vitu viwili kwa makusudi, itakubidi uvitengenezee njia ndefu au yenye kona.

Jambo la tatu ndilo lililoitofautisha mChip na chipu nyingi za wakati wake. Chipu za miaka ya 1990 na 2000 zilikuwa ndogo zenyewe, ila pembeni yake kulikuwa na meza nzima ya pampu, mirija, hadubini na kompyuta. Wataalamu walikuwa wakitaniana kwamba wamejenga chipu ndani ya maabara badala ya maabara ndani ya chipu, na utani ule ulikuwa na ukweli mchungu. Mwaka 2005 Vincent Linder na Sia, wakiwa na George Whitesides wa Harvard, walichapisha njia ya kuepuka meza ile. Vitendanishi vyote, yaani kemikali za kipimo, pamoja na maji ya kuoshea, vinapangwa mapema ndani ya mrija mmoja mwembamba, kila kimoja kikitenganishwa na jirani yake kwa kiputo cha hewa, kama mabehewa kwenye reli moja. Ukiunganisha mrija huo na chipu kisha ukavuta hewa upande wa pili, vinaingia kimoja baada ya kingine kwa zamu iliyopangwa. Hakuna vali ya kufungua wala programu ya kuamua nani atangulie. Mpangilio wenyewe ndio programu.

Kwenye toleo la 2011 mvuto ule ulitoka kwenye bomba la sindano la kawaida. Unavuta kishikio, unakizuia, ombwe linafanya kazi. Damu inapita kwanza juu ya maeneo yaliyopakwa antijeni, yaani vitu vya kijidudu ambavyo kingamwili huvishika: moja la VVU, jingine la kaswende, na mengine ya udhibiti ili kujua kama kipimo chenyewe ni kizima. Kingamwili za mgonjwa, zikiwepo, hunasa hapo. Kiputo, maji ya kuosha, kiputo. Kisha zinakuja kingamwili nyingine zilizobebeshwa chembe ndogo mno za dhahabu, nazo hunasa juu ya zile za mgonjwa. Kuosha tena. Mwisho unakuja mchanganyiko wenye ayoni za fedha, na dhahabu inaichochea fedha igande juu yake. Pale palipokuwa na kingamwili, utando wa fedha unazidi kuwa mzito hadi unazuia mwanga. Taa ndogo upande mmoja na kihisi mwanga upande wa pili vinatosha kusoma. Lenzi haihitajiki, na utando ukiwa mzito hata jicho linauona.

Nami nadhani uamuzi wao bora kuliko yote haumo kwenye plastiki kabisa. Waliamua kutafuta kingamwili, si kirusi. Tuangalie hesabu. Mgonjwa mwenye virusi 1,000 katika kila mililita ya damu ana kirusi kimoja kwa kila maikrolita, kwa wastani. Kwenye tone la maikrolita moja unaweza kukipata au kukikosa, na hakuna ufundi wa chipu utakaokuokoa, kwa sababu kitu chenyewe huenda hakimo. Kingamwili ni tofauti: kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kuitikia maambukizi, maikrolita moja ina molekuli nyingi kupita mahitaji. Kanuni hiyohiyo huwatesa wanaotengeneza chipu za kupima maji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa unataka bakteria wa E. koli wasionekane katika mililita 100. Hizo ni maikrolita 100,000. Chipu inayojivunia kutumia maikrolita moja ina la kueleza kuhusu zile 99,999 zilizobaki, na ndiyo sababu kazi ngumu kwenye vipimo vya maji mara nyingi ni kuchuja na kukusanya kabla chipu haijaguswa. Kampuni ya Theranos ya Marekani, iliyoahidi vipimo chungu nzima kutoka tone la kidole na ikaishia mahakamani, ilikwenda kinyume na hesabu za namna hii. Sia na wenzake hawakuahidi vipimo mia. Waliahidi viwili, kisha vitatu.

Neno moja kuhusu plastiki yenyewe, halafu tuendelee. Chipu nyingi za vyuoni hutengenezwa kwa mpira laini wa silikoni, unaomwagwa kwenye kalibu na kukauka. Unafaa sana kwa majaribio ila ni taabu kuuzalisha kwa maelfu. mChip ilitengenezwa kwa plastiki ngumu iliyoshindiliwa kwenye kalibu kwa mashine, kama vile vifuniko vya chupa vinavyotengenezwa viwandani. Aliyechagua hivyo alikuwa anafikiria kiwanda tangu siku ya kwanza, na hilo ni nadra kwa watu wa vyuo.

Namba na kilichojificha ndani yake

Katika jaribio la 2011, kati ya sampuli 70 zilizojulikana hali yake ya VVU, chipu ilikosea moja tu. Iliwatambua wote waliokuwa na VVU, na upande wa wasio navyo ilipata asilimia 96. Ni matokeo mazuri. Lakini rudisha hesabu nyuma: kosa moja likikugharimu asilimia nne, ina maana wasio na VVU katika kundi lile walikuwa kama 25 hivi. Kosa la pili lingeishusha namba hadi 92. Simaanishi kwamba watafiti walidanganya; idadi waliitaja waziwazi. Namaanisha kwamba asilimia iliyotoka kwa watu 25 haistahili kubebwa kwenye vichwa vya habari kana kwamba imetoka kwa watu 25,000.

Toleo la 2015 lilijaribiwa kwa ugumu zaidi, na kwa maoni yangu ndilo jaribio lenye heshima kuliko la kwanza. Safari hii wapimaji hawakuwa watafiti. Walikuwa wahudumu wa afya wa Rwanda waliopewa mafunzo ya nusu saa, wakipima wagonjwa 96 kwa damu ya kidole, kwenye kliniki za kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto na vituo vya ushauri nasaha na upimaji. Kifaa kilipima alama tatu kwa pamoja: kingamwili za VVU, kingamwili mahususi za vijidudu vya kaswende, na aina nyingine ya kingamwili zinazoonyesha kama kaswende iko hai kwa sasa. Jibu lilitoka ndani ya dakika 15. Asilimia 97 ya wagonjwa walikipenda kuliko vipimo vya maabara, wengi wakitaja uharaka wa jibu na kutobolewa kidole mara moja tu.

Uwezo wa kuwatambua wenye maambukizi ulikuwa kati ya asilimia 92 na 100, kutegemea alama iliyopimwa. Uwezo wa kuwaachilia wasio nayo ulikuwa kati ya 79 na 100. Msomaji anayepita haraka ataona namba mbili zinazofanana. Hazifanani, na ya pili ndiyo ya kuangaliwa.

Chukua mfano wa kubuni, lakini usio mbali na hali halisi. Wajawazito 1,000 wanakuja kliniki, na 30 kati yao wana maambukizi unayotafuta. Kipimo chenye uwezo wa asilimia 92 kitawapata 28 hivi. Vizuri. Wamebaki 970 wasio na ugonjwa. Ikiwa kipimo kinawaachilia asilimia 79 tu, basi asilimia 21 yao, akina mama 204, wataambiwa wana kitu wasichokuwa nacho. Jumla ya waliopata jibu la kuwa na maambukizi ni 232, na wenye maambukizi kweli ni 28. Kila mama mmoja mgonjwa ana wenzake saba wazima waliokaa naye benchi moja wakitetemeka.

Kwa kaswende unaweza kusema haidhuru, penisilini si ghali na wengi hawadhuriki nayo, wachomwe wote. Lakini kaswende ni ugonjwa wa zinaa. Mama akirudi nyumbani na jibu lile, mume ataitwa kliniki, na maswali yataanza: imetoka wapi? Hasara hiyo haimo kwenye jedwali la makala yoyote. Kwa VVU, hakuna nchi makini inayotoa jibu kwa kipimo kimoja. Kipimo cha kwanza kikionyesha maambukizi, hufuata cha pili cha aina nyingine, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka vitatu mfululizo vikubaliane. Kwa hiyo hata kifaa hiki kingefika kliniki, kingekuwa hatua ya kwanza tu katika mlolongo, na mwenzake wa pili na wa tatu angekuwa ukanda wa karatasi.

Bei iliyolinganishwa na nini?

Makala ya 2015 ilitaja kwamba kifaa cha kuchomeka kwenye simu kingegharimu dola 34 kukitengeneza, wakati mitambo ya ELISA hufika dola 18,450. Namba hizo zilinukuliwa kila mahali, na kwa haki: kushusha gharama namna ile ni kazi kubwa. Ombwe halikutoka tena kwenye bomba la sindano bali kwenye kichumba kinachobonyezwa kwa mkono mara moja. Umeme na mawasiliano vyote vilipitia tundu la hedifoni la simu, jambo la werevu kwa sababu karibu kila simu ya wakati ule ilikuwa nalo bila kujali kampuni. (Mwaka uliofuata Apple ikatoa iPhone 7 isiyo na tundu hilo, na wengine wakafuata. Vifaa vya tiba huishi miaka kumi au zaidi. Simu hubadilika kila msimu. Anayejenga kipimo juu ya simu ya mtu mwingine ajue hilo.)

Ila tazama tena ulinganisho ule. Dola 34 dhidi ya dola 18,450 ni ulinganisho wa kifaa na kifaa. Muuguzi wa kituo cha afya hakuwa na ELISA ya kuitupa. Alichokuwa nacho ni boksi la kanda za kupimia VVU kwa haraka, ambazo zilikuwa zimeenea Afrika kwa miaka mingi kabla. Ukanda hauna kifaa cha kusomea. Gharama yake ya mtambo ni sifuri. Hauchajiwi, hausasishwi programu, hauibiwi, na ukiharibika umeharibika mmoja. Unatoa tone la damu, unaongeza matone ya kimiminika, unaangalia saa, unasoma mistari.

Na hapa ndipo kisa kinapopata ucheshi wake. Ukanda wenyewe nao ni chombo cha kupitisha majimaji kwenye njia nyembamba. Karatasi ni msitu wa nyuzi, na kati ya nyuzi kuna njia nyembamba kuliko vijifereji vya mChip. Maji hupanda humo kwa kunyonywa, bila bomba wala ombwe, na alama inayoonekana mara nyingi hutokana na chembe za dhahabu zilezile zinazoonekana nyekundu zikikusanyika. Whitesides, ambaye maabara yake ilimlea Sia kabla hajaenda Columbia, mwaka 2007 alichapisha na wenzake njia ya kuchora mifereji kwenye karatasi kwa kuizungushia kuta zisizopitisha maji, akatoa hoja kwamba kwa maeneo yasiyo na maabara karatasi inatosha. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa wameshika njia mbili za jambo moja.

mChip ilikuwa na hoja moja nzito dhidi ya kanda: magonjwa mawili kwa kutobolewa mara moja. Mwaka 2011 hoja hiyo ilikuwa na nguvu, kwa sababu kaswende ilikuwa imesahauliwa katika kliniki nyingi zilizokuwa zinapima VVU vizuri. Lakini watengenezaji wa kanda hawakulala. Mwaka 2015, mwaka uleule wa kifaa cha simu, ukanda wa SD Bioline unaopima VVU na kaswende kwa pamoja ulipitishwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya vipimo ambavyo mashirika ya kimataifa na serikali zinaweza kununua kwa uhakika. Mwaka 2019 shirika hilohilo likapendekeza kwamba kipimo cha namna hiyo cha magonjwa mawili kinaweza kuwa kipimo cha kwanza kwa wajawazito. Kiti kilikuwa kimekaliwa.

Kuingia kwenye orodha ile si jambo la makala ya jarida. Shirika linakagua kiwanda, linaangalia kama kundi la vipimo vya leo ni sawa na la mwaka jana, linapima uthabiti kwenye joto, linapeleka vipimo maabara huru. Chuo kikuu hakina kitengo cha kazi hiyo, wala hakipaswi kuwa nacho. Ni kazi ya kampuni, na kampuni huuliza: nani atanunua?

Tezi dume

Claros ilinunuliwa na kampuni ya OPKO Health mwaka 2011. Chipu iliyozaliwa kwa jina la magonjwa ya kuambukiza ikaendelezwa kwa kitu kingine kabisa: PSA, protini inayopimwa kwa wanaume katika uchunguzi wa saratani ya tezi dume. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikaidhinisha kipimo hicho kwa damu ya kidole, kikisomwa na mashine ya mezani iitwayo Claros 1. Yaani mwaka uleule ambao ukanda ulipewa baraka kwa wajawazito, chipu ilipewa baraka kwa wanaume wa Marekani wenye umri mkubwa.

Rahisi kuliita usaliti. Fedha zilikuwa na sauti, sikatai; soko la PSA hulipa na soko la kaswende ya wajawazito halilipi. Lakini kuna sababu ya pili ambayo walalamikaji huiruka, na ndiyo inayonifanya nisiungane nao. Ukanda hujibu ndiyo au hapana. Kiwango cha PSA hakina maana kwa ndiyo au hapana, kwa sababu karibu kila mwanamume ana kiasi fulani. Daktari anataka namba, na anataka namba ya leo ilingane kwa mizani na ya mwaka jana. Kutoa namba ndicho kitu ambacho mfereji wa plastiki, wenye upana uleule kila mahali na mtiririko unaotabirika, hufanya vizuri kuliko msitu wa nyuzi za karatasi. Utando wa fedha unaopimwa kwa kihisi mwanga unatoa kiasi, hautoi mstari tu. Kwenye VVU uwezo huo ulikuwa wa ziada usiohitajika, kwani swali la kliniki lilikuwa ndiyo au hapana. Kwenye tezi dume ukawa ndio kipimo chenyewe.

Ukitazama hivyo, kosa la kisa hiki liko mwanzoni kabisa, kwenye kuchagua swali. Chombo kinachojua kuhesabu kilipewa kazi ya kunyoosha kidole, na kwenye kazi hiyo karatasi haina mpinzani wa kweli.

Lakini ndani ya makala ya 2015 kulikuwa na swali la kuhesabu, nalo lilipita bila kelele. Ni ile alama ya tatu. Kingamwili mahususi za kaswende zikishatengenezwa mwilini, kwa wengi hubaki maisha yote hata baada ya kupona. Mama aliyetibiwa katika mimba ya kwanza atatoa mstari ule ule katika ya pili na ya tatu, na ukanda wa VVU na kaswende hauwezi kumtofautisha na aliyeambukizwa jana. Kinachotofautisha ni zile kingamwili nyingine, ambazo kiwango chake hushuka tiba ikifanya kazi. Madaktari hutaka kishuke angalau mara nne ndipo waseme tiba imeitika. Na kikipanda mara nne, wanashuku maambukizi mapya au ugonjwa uliorudi. Hadi sasa kazi hiyo kwa kawaida hufanywa maabara, kwa kuizimua sampuli nusu kwa nusu mara kadhaa na kuangalia kwa jicho inapoacha kugandana. Mama anasubiri, au anarudi kwake. Maabara ndogo yenye mfereji wa upana mmoja, mrija wenye viputo na kihisi mwanga ingeweza kumpa namba ile akiwa bado amekaa kwenye benchi, na kwa swali hilo ukanda hauna jibu.